Dave Righetti: Kutoka Mtupaji wa Akiba hadi Kocha wa Mabingwa

Dave Righetti alicheza besiboli katika ligi kuu ya Marekani kwa misimu 16, kisha akawa kocha wa watupaji wa timu moja, San Francisco Giants, kwa misimu 18 mfululizo, kuanzia 2000 hadi 2017. Akiwa mchezaji alifika fainali ya ubingwa, yaani World Series, mara moja tu, na timu yake ikafungwa. Akiwa kocha alifika mara nne na kutwaa ubingwa mara tatu: 2010, 2012 na 2014. Kinachoziunganisha kazi hizo mbili ni miaka aliyotumikia nafasi ya mtupaji wa akiba. Alipewa nafasi hiyo akiwa na umri wa miaka 25, baada ya kung'ara katika nafasi nyingine iliyohesabiwa kuwa ya heshima zaidi, na wengi waliona kuwa kipaji chake kinapotezwa. Historia ya maisha yake ya kazi inaonyesha kwamba humo ndimo alimoiva.

Nafasi ya mtupaji wa akiba

Mchezo wa besiboli una awamu 9. Katika kila awamu timu zote mbili hupokezana kupiga, na zamu ya timu huisha wapigaji wake watatu wanapotolewa. Mtupaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja, mita 18.44 kutoka mahali pa mpigaji, na kurusha mpira kuelekea kwa mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji huyo. Mpigaji akihesabiwa straiki 3, ambazo kwa kawaida ni mipira aliyoikosa kwa gongo au mizuri aliyoiacha ipite, ametoka. Akiupiga mpira na kufika salama kwenye besi, yaani kituo kimojawapo cha kukimbilia, amepata hiti. Mchezaji anayezunguka besi zote na kurudi alikoanzia huiletea timu yake pointi, na mpira uliopigwa ukavuka ukuta wa uwanja humrudisha mpigaji pamoja na wenzake wote waliokuwa kwenye besi. Besi zikiwa zimejaa, pigo la namna hiyo huleta pointi 4 kwa mkupuo.

Katika miaka ya mwanzo ya mchezo huu, mtupaji aliyeanza alitarajiwa kumaliza awamu zote 9. Aliyeingia badala yake kwa kawaida alikuwa mchezaji aliyekosa namba, mzee aliyeelekea kustaafu au kijana asiyeaminiwa bado. Mtazamo huo ulibadilika polepole. Katika miaka ya 1920 timu ya Washington ilimtumia Firpo Marberry kama mtupaji wa akiba kwa makusudi, si kwa dharura. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Hoyt Wilhelm alijenga karibu maisha yake yote ya uchezaji katika nafasi hiyo, na mwaka 1985 akawa mtupaji wa akiba wa kwanza kuingizwa katika Hall of Fame, jumba la heshima la besiboli lililoko Cooperstown.

Jambo lililoipa nafasi hiyo uzito wa pekee ni hesabu mpya. Mwandishi wa habari za michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, alibuni kipimo cha kumhesabia mtupaji wa akiba mchezo aliouokoa, na ligi kuu ilikikubali rasmi mwaka 1969. Kwa kanuni inayotumika, mtupaji anahesabiwa kuwa ameokoa mchezo akiingia timu yake ikiwa inaongoza, akaumaliza kwa ushindi, bila yeye mwenyewe kuhesabiwa kuwa mtupaji aliyeshinda. Lazima pia pengo liwe dogo: ama timu yake iwe inaongoza kwa pointi zisizozidi 3 naye atupe awamu nzima, ama wapinzani wawe karibu kabisa kusawazisha wakati anapoingia. Akitupa kwa ufanisi awamu 3 au zaidi za mwisho, anahesabiwa hata kama pengo lilikuwa kubwa. Kipimo hiki kilimzaa mtaalamu mpya, mtupaji wa mwisho, ambaye huingia mchezo unapokaribia kwisha na ushindi uko hatarini.

Ugumu wa kazi hiyo unatokana na namna inavyogawanya sifa na lawama. Mtupaji wa kuanzia akiruhusu pointi 2 katika awamu ya pili, ana awamu nyingi za kurekebisha. Mtupaji wa mwisho akiruhusu pointi hizo hizo katika awamu ya 9, kazi ya wenzake ya saa mbili na nusu imepotea, na kila mtu uwanjani anajua ni mikononi mwa nani. Kesho yake anaweza kuitwa tena katika hali ile ile. Kwa hiyo mkono wenye nguvu peke yake hautoshi. Inahitajika akili inayoweza kuliacha la jana nyuma bila kusahau fundisho lake.

Mtoto wa mchezaji

Righetti alizaliwa Novemba 28, 1958, San Jose, California. Baba yake, Leo, alikuwa mchezaji wa ligi ndogo. Ligi ndogo za Marekani ni ngazi nyingi ambazo vijana hupanda wakielekea ligi kuu, na walio wengi hawafiki juu. Leo alikuwa mmoja wa hao wengi. Wanawe, Dave na kaka yake Steve, walilelewa katika nyumba ambamo besiboli ilikuwa kazi kabla ya kuwa burudani.

Januari 1977 timu ya Texas Rangers ilimchagua Dave katika mzunguko wa kwanza wa usajili wa vijana. Alikuwa mtupaji wa mkono wa kushoto, mrefu, mwenye mpira wa kasi na slaida kali, yaani mpira unaokuja kama wa kasi kisha ukakata pembeni ukikaribia kwa mpigaji. Julai 1978, akiichezea Tulsa katika ligi ndogo, aliwatoa wapigaji 21 kwa straiki katika mchezo mmoja. Idadi hiyo ni kubwa kuliko ile ambayo mtupaji yeyote wa ligi kuu amewahi kufikia katika mchezo wa awamu 9, ambayo ni 20. Miezi michache baadaye New York Yankees walimpata katika mabadilishano ya wachezaji yaliyompeleka Texas Sparky Lyle, mtupaji wa akiba aliyekuwa ametwaa tuzo ya Cy Young ya mtupaji bora wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mwaka 1977. Yankees walimtoa mtupaji wa akiba aliyekomaa wakapata kijana wa kuanzia, bila kujua kwamba kijana huyo naye angekuja kukaa katika kiti kile kile.

Alicheza kwa mara ya kwanza katika ligi kuu Septemba 1979. Mwaka 1981, msimu uliokatizwa na mgomo wa wachezaji, alishinda michezo 8 na kupoteza 4, akiruhusu wastani wa pointi 2.05 kwa kila awamu 9, na akapewa tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa American League. Katika hatua za mtoano za mwaka huo alishinda michezo 3. Lakini katika World Series, alipoanzishwa katika mchezo wa tatu dhidi ya Los Angeles Dodgers na mtupaji wao Fernando Valenzuela, hakuvuka awamu ya tatu. Ron Cey alimpiga mpira uliovuka ukuta na kuleta pointi 3 katika awamu ya kwanza kabisa. Dodgers walishinda mchezo huo 5 kwa 4, na baadaye ubingwa kwa michezo 4 dhidi ya 2. Righetti hakupata tena nafasi ya kucheza hatua za mtoano hadi alipostaafu.

Julai 4, 1983

Siku ya Uhuru wa Marekani ya mwaka 1983, katika joto kali la New York, Righetti aliwazuia Boston Red Sox kupata hata hiti moja kwa awamu zote 9. Yankees walishinda 4 kwa 0. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa namna hiyo kwa mtupaji wa Yankees tangu Don Larsen katika World Series ya 1956.

Mpigaji wa mwisho siku hiyo alikuwa Wade Boggs, mmoja wa watu wagumu kutolewa kwa straiki katika kizazi chake. Boggs alipiga kwa mkono wa kushoto, alikuwa na jicho la kutambua mpira mbaya mapema, na msimu ule aliongoza ligi kwa wastani wa upigaji. Mtupaji alikuwa amechoka, na mbele yake alisimama mtu ambaye kwa kawaida angeugusa mpira hata kama hakuupiga vizuri. Righetti alirusha slaida, Boggs akazungusha gongo akakosa, na mchezo ukaisha. Msimu huo Righetti alitupa awamu 217 na kushinda michezo 14. Kila kitu kilionyesha kwamba Yankees wamempata mtupaji wa kuanzia wa miaka kumi ijayo.

Uamuzi wa 1984

Mwishoni mwa msimu wa 1983 Goose Gossage, mtupaji wa mwisho wa Yankees na mmoja wa waliotisha zaidi katika historia ya nafasi hiyo, aliondoka kwenda San Diego Padres. Yankees hawakutafuta mbadala nje. Walimhamisha Righetti.

Uamuzi huo ulibishaniwa wakati ule na bado unabishaniwa. Hoja ya kuupinga ni ya hesabu. Mtupaji wa kuanzia aliye bora hutupa awamu zaidi ya 200 kwa msimu, na wa akiba hutupa nusu yake au pungufu. Mwaka 1984 Righetti alitupa awamu 96 na sehemu, kutoka 217 za mwaka uliotangulia. Timu iliyo na mkono mzuri ingefanya vyema kuutumia mara nyingi iwezekanavyo. Hoja ya kuutetea ni kwamba awamu hazilingani kwa uzito: ile ya 9 timu ikiongoza kwa pointi moja huamua mengi kuliko ile ya 4 timu ikiongoza kwa 6, na mchezaji bora anapaswa kuwa pale mambo yanapoamuliwa.

Kwa mtazamo wa Yankees wa miaka hiyo, hoja ya kwanza ina nguvu zaidi. Timu hiyo ilikuwa na wapigaji hodari katika miaka yote ya 1980 baada ya 1981, lakini haikufika tena hatua za mtoano, na udhaifu wake mkubwa ulikuwa watupaji wa kuanzia. Mtu mwenye uwezo wa kuziba pengo hilo alikuwa ameketi akisubiri awamu ya 9. Kwa Righetti mwenyewe, matokeo yalikuwa mengine. Aliokoa michezo 31 mwaka 1984 na 29 mwaka 1985, na katika mwaka wa tatu akafika kileleni.

Mwaka 1986

Safari ya kwenda kileleni ilipitia fedheha. Juni 20, 1986, huko Toronto, Righetti alikuwa akijaribu kumaliza mchezo dhidi ya Blue Jays besi zikiwa zimejaa. George Bell alipiga mpira uliovuka ukuta, pointi 4 zikaingia, na mchezo ukawa sare. Mwamuzi alimrushia mtupaji mpira mpya kama ilivyo desturi. Righetti aliupokea, akageuka, na badala ya kujiandaa kwa mpigaji anayefuata, akautupa kwa nguvu zote juu ya ukuta wa upande wa kulia, nje ya uwanja. Meneja wake, Lou Piniella, aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa umeneja, alitoka mbio kwenda kwake.

Kitendo hicho kimekumbukwa kama kichekesho, lakini kinaeleza kwa uwazi kuliko takwimu yoyote mzigo uliokuwa mabegani mwa mtu huyo. Kilichofuata ndicho cha kutazama kwa makini. Kuanzia hapo hadi mwisho wa msimu hakuharibu karibu mchezo wowote aliopewa kuuokoa. Oktoba 4, Yankees walipocheza na Red Sox michezo miwili kwa siku moja mjini Boston, aliiokoa yote miwili. Jumla yake ilifika 46 na kuipita rekodi ya 45 iliyokuwa ya Dan Quisenberry na Bruce Sutter. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1990, Bobby Thigpen wa Chicago White Sox alipookoa michezo 57.

Kwa msimu huo Righetti alicheza michezo 74 na kutupa awamu zaidi ya 106, kwa wastani wa pointi 2.45. Watupaji wa mwisho wa leo hutupa awamu 60 hadi 70. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba katika kizazi chake mtupaji wa mwisho aliitwa mara nyingi katika awamu ya 8, wakati mwingine hata kabla yake, na kubaki hadi mwisho. Aliiongoza ligi katika kuokoa michezo baada ya kutupa mchezo usio na hiti, na alikuwa mtu wa kwanza kuwa na heshima hizo mbili kwa pamoja. Dennis Eckersley na Derek Lowe walimfuata baadaye.

Aliondoka Yankees mwishoni mwa 1990 akiwa ameokoa michezo 224, idadi kubwa kuliko ya mtupaji yeyote wa timu hiyo hadi Mariano Rivera alipoipita mwaka 2002. Alijiunga na Giants, karibu na alikozaliwa, akaokoa michezo 24 mwaka 1991. Baada ya hapo mkono ulianza kupungua nguvu. Mwaka 1992 aliokoa michezo 3, na 1993 mmoja. Alipitia Oakland na Toronto mwaka 1994, na kumalizia Chicago White Sox mwaka 1995, huko akirudishwa tena katika kazi ya kuanza michezo. Alistaafu akiwa ameshinda michezo 82, amepoteza 79 na kuokoa 252.

Kazi ya kocha wa watupaji

Katika besiboli ya ligi kuu, meneja ndiye anayepanga kikosi na kuamua nani aingie na nani atoke. Kocha wa watupaji ni mkono wake wa kulia katika jambo ambalo hubeba sehemu kubwa ya matokeo. Kazi yake huanza siku kadhaa kabla ya mchezo. Mtupaji wa kuanzia hucheza kila baada ya siku nne hivi, na katikati ya siku hizo hutupa mazoezi kocha akimtazama: mguu unatua wapi, kiwiko kiko juu kiasi gani wakati mkono unakwenda mbele, mpira unaachiwa mapema au kwa kuchelewa. Kosa dogo la mwili huonekana kwanza kama mpira unaokwenda juu kidogo kuliko ulivyokusudiwa, na baadaye kama jeraha.

Kabla ya kila mfululizo wa michezo, kocha hukaa na watupaji na wadakaji kupitia wapigaji wa timu pinzani mmoja mmoja. Mchezo ukianza huhesabu mipira iliyotupwa, husikiliza mdakaji anasema nini kuhusu nguvu ya mtupaji, na huwasiliana kwa simu na eneo la akiba, ambako watupaji wengine wanasubiri. Kumwamuru mtupaji wa akiba apashe mwili moto ni uamuzi wenye gharama, kwa kuwa mkono ukishapashwa mara mbili bila kuingia mchezoni unachoka kama ule uliocheza.

Mara chache mashabiki humwona akifanya kazi hadharani, anapotembea hadi kwenye kilima kuzungumza na mtupaji aliyebanwa. Kanuni humruhusu kwenda mara moja kwa mtupaji yule yule katika awamu. Akirudi tena, mtupaji lazima atolewe. Katika dakika hiyo moja kocha anapaswa kuchagua neno moja la kufaa. Mtu aliyewahi kusimama mahali pale maelfu ya watu wakimzomea analijua neno hilo kuliko mwingine yeyote.

Hii ni sababu mojawapo ya watupaji wengi wa akiba kuishia katika ukocha. Huketi na kuutazama mchezo kwa awamu nyingi kabla ya kuitwa, hivyo hujifunza kuusoma. Wengi wao, kama Righetti, wamewahi kuanza michezo pia, kwa hiyo wanazijua nafasi zote mbili. Ron Perranoski, aliyemtangulia Righetti katika kiti cha kocha wa watupaji wa Giants, alikuwa mtupaji hodari wa akiba wa Dodgers katika miaka ya 1960. Roger McDowell, bingwa wa 1986 na New York Mets, aliwafundisha watupaji wa Atlanta Braves kwa miaka mingi. Rick Honeycutt, aliyemalizia uchezaji wake katika nafasi ya akiba, alishika kazi kama hiyo kwa Dodgers kuanzia 2006.

Miaka ya kwanza na fundisho la 2002

Righetti alianza kazi mwaka 2000 chini ya meneja Dusty Baker, akabaki chini ya Felipe Alou, kisha Bruce Bochy kuanzia 2007. Kudumu chini ya mameneja watatu ni jambo adimu, kwa maana meneja mpya kwa kawaida huja na watu wake.

Mwaka 2002 Giants walifika World Series dhidi ya Anaheim Angels. Katika mchezo wa sita walikuwa wanaongoza 5 kwa 0 katika awamu ya 7, wakibakiza wapigaji 8 tu kuwatoa ili wawe mabingwa. Russ Ortiz alitolewa baada ya kuruhusu hiti mbili mfululizo, akaingia Félix Rodríguez, na Scott Spiezio akapiga mpira uliovuka ukuta na kuleta pointi 3. Katika awamu ya 8 Troy Glaus alipata hiti dhidi ya mtupaji wa mwisho, Robb Nen, na Angels wakashinda 6 kwa 5. Kesho yake walichukua ubingwa.

Nen alikuwa amecheza akiwa na bega lililoharibika, na baada ya fainali hiyo hakutupa tena hata mpira mmoja katika ligi kuu. Tukio hilo lina mafundisho mawili kwa kazi ya ukocha. La kwanza ni kwamba timu inayomtegemea mtu mmoja kumaliza michezo yake yote iko katika hatari kubwa mtu huyo akiumia. La pili ni kwamba ubingwa unaweza kupotea katika dakika kumi za kubadilisha watupaji. Vikosi ambavyo Giants walivijenga baadaye viliyazingatia yote mawili.

Kizazi cha mabingwa

Kati ya 2002 na 2007 Giants walisajili vijana wanne wa kutupa: Matt Cain, Jonathan Sánchez, Tim Lincecum na Madison Bumgarner. Wote waliingia ligi kuu Righetti akiwa kocha, na mwaka 2010 wote walianza michezo ya World Series.

Lincecum ndiye mtihani mkubwa zaidi. Alikuwa na umbo dogo kwa mtupaji, na mtindo wake wa kutupa, aliofundishwa na baba yake, ulikuwa na hatua ndefu na mzunguko wa mwili ambao wataalamu wengi waliogopa kuwa ungemvunja. Giants waliuacha kama ulivyo. Matokeo yalikuwa tuzo mbili za Cy Young mfululizo, 2008 na 2009. Kocha mwenye kiburi cha taaluma angetaka kumnyoosha kijana huyo afanane na wengine. Kuacha kitu kinachofanya kazi ni ujuzi pia, tena mgumu kuupata.

Novemba 1, 2010, Lincecum aliiongoza timu kuifunga Texas Rangers 3 kwa 1 katika mchezo wa tano, Brian Wilson akimaliza awamu ya 9. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Giants tangu timu ilipohamia San Francisco mwaka 1958. Msimu huo watupaji wa Giants waliruhusu wastani mdogo wa pointi kuliko timu zote za ligi kuu, 3.36.

Mwaka 2012 ulipima ujuzi wa aina nyingine. Wilson aliumia kiwiko Aprili na kukosa karibu msimu mzima. Hapo ndipo fundisho la 2002 lilipozaa matunda: kazi ya awamu za mwisho iligawanywa kati ya Santiago Casilla, Javier López, Jeremy Affeldt na Sergio Romo, kila mmoja kwa wapigaji anaowafaa. Lincecum naye alikuwa na msimu mbaya, akipoteza michezo 15, na katika hatua za mtoano alihamishwa kutoka kuanza michezo kwenda nafasi ya akiba. Nyota mwenye tuzo mbili za Cy Young anaweza kuchukua mabadiliko hayo kama aibu. Kocha aliyekuwa mbele yake alikuwa amehamishwa vivyo hivyo baada ya kutupa mchezo usio na hiti. Lincecum aliifanya kazi hiyo vizuri sana, na katika World Series dhidi ya Detroit Tigers hakuruhusu pointi hata moja.

Katika hatua iliyotangulia fainali hiyo, Barry Zito, aliyekuwa ameachwa nje ya kikosi cha mtoano cha 2010, alianza mchezo wa tano dhidi ya St. Louis Cardinals timu ikiwa nyuma kwa michezo 3 dhidi ya 1. Alitupa awamu 7 na sehemu bila kuruhusu pointi, na Giants wakashinda huo na miwili iliyofuata. Ryan Vogelsong, aliyewahi kuachana na Giants na kwenda kucheza Japani, alikuwa nguzo nyingine.

Fainali iliisha Oktoba 28, katika awamu ya 10 ya mchezo wa nne. Mpigaji alikuwa Miguel Cabrera, aliyekuwa ameongoza American League mwaka huo kwa wastani wa upigaji, kwa mipira ya kuvuka ukuta na kwa pointi alizoleta. Romo alijulikana kwa slaida yake, naye alimtupia slaida baada ya slaida. Cabrera akiwa na straiki 2 na akitarajia nyingine, Romo alirusha mpira wa kasi, usio mkali sana, katikati ya eneo la straiki. Cabrera aliutazama ukipita. Mwamuzi akaita straiki ya tatu na Giants wakawa mabingwa kwa michezo 4 bila kufungwa.

Mwaka 2014, dhidi ya Kansas City Royals, ubingwa uliamuliwa katika mchezo wa saba. Bumgarner, mtupaji wa kuanzia, aliingia kama mtupaji wa akiba katika awamu ya 5 baada ya mapumziko ya siku mbili tu. Alitupa awamu 5 bila kuruhusu pointi, Giants wakashinda 3 kwa 2, naye akahesabiwa kuwa ameokoa mchezo.

Katika miaka hiyo 18 watupaji wa Giants walitupa michezo mitano isiyo na hiti: Sánchez mwaka 2009, Cain mwaka 2012 katika mchezo ambao hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika besi, Lincecum mwaka 2013 na tena 2014, na Chris Heston mwaka 2015.

Kushuka na kuondoka

Mafanikio hayakudumu. Mwaka 2016 watupaji wa akiba wa Giants waliharibu michezo 30 waliyopewa kuiokoa. Oktoba 11, katika mchezo wa nne wa mtoano dhidi ya Chicago Cubs, Matt Moore alitupa awamu 8 kwa hiti mbili tu na kuondoka timu ikiongoza 5 kwa 2. Katika awamu ya 9 Giants walitumia watupaji watano, na Cubs wakapata pointi 4, wakashinda 6 kwa 5 na kuwatoa. López na Romo, waliokuwa mashujaa wa 2012, walikuwa miongoni mwa watano hao. Kundi lililojengwa kwa kugawana kazi lilikuwa limezeeka, na warithi wake walikuwa hawajakomaa.

Mwaka 2017 Giants walipoteza michezo 98. Baada ya msimu Righetti aliondolewa katika ukocha na kupewa kazi ya msaidizi maalumu katika uongozi wa timu.

Tathmini

Righetti hakuingizwa katika Hall of Fame, na takwimu zake za uchezaji peke yake hazidai hivyo. Besiboli bado haina hesabu rasmi ya kupima kazi ya kocha, kama ambavyo kabla ya 1969 haikuwa na hesabu ya mtupaji wa akiba, na kwa sababu hiyo watu wa aina yake husifiwa kwa maneno na kusahauliwa katika tuzo. Lakini ushahidi uko wazi. Mameneja watatu walimhitaji, watupaji wa maumbo, mitindo na tabia zinazotofautiana kabisa walifanikiwa mbele ya macho yake, na ubingwa ulitwaliwa mara zote tatu kwa nguvu ya watupaji. Uamuzi wa 1984 uliwanyima Yankees mtupaji wa kuanzia waliyemhitaji, na kwa kipimo cha timu hiyo ulikuwa kosa. Kwa kipimo cha besiboli nzima, ulimlea mmoja wa makocha bora wa watupaji wa kizazi chake.